Niambieni sasa, si baadaye

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Kazi imekufunza nini ambacho shule haikukufunza?" Mimi imenifunza kudai habari. Kudai bila haya, na kudai mapema, kabla mambo hayajaharibika.

Mimi ni kiziwi, nina miaka 27. Nilipoteza usikivu nikiwa mtoto wa miaka saba, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Kiswahili nilikuwa nacho tayari, na kwetu Likoni kila mtu ananielewa nikizungumza, ingawa mgeni huchukua muda kuizoea sauti yangu. Nikapelekwa shule ya bweni ya viziwi. Kule walimu waliashiria, mpishi aliashiria, hata askari wa lango aliashiria. Wasichana wawili wakigombana upande wa pili wa uwanja, unawaona na unajua nani kamkopa nani sabuni. Habari ilikuwa ya kila mwenye macho. Ndiyo maana shule haikunifunza kuuliza, kwa kuwa sikuwa na haja ya kuuliza.

Kisha nikaajiriwa mjini, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, hizi tunazoziita klaringi. Niko upande wa makaratasi: hati za shehena, ankara, maombi ya forodha kwenye kompyuta. Kazi ya macho, na naiweza vizuri. Tatizo ni yale yasiyoandikwa popote. Msimamizi anapita na kikombe chake cha chai, anasema neno, wenzangu wawili wanainuka mbio na mmoja anashika simu. Nauliza kuna nini. "Nitakwambia baadaye." Viziwi wote wanaijua sentensi hiyo, tumeambiwa tangu utotoni, kwenye sinia la wali nyumbani watu wakicheka na wewe ukiuliza wanacheka nini. Wenzangu hawana ubaya wowote. Mwenye kusikia hajui tu ni mangapi anayaokota kwa siku bila hata kuinua kichwa, kwa hiyo hajui ni mangapi mimi sikuyapata.

Nitoe mfano mmoja. Kuna mteja aliyepiga simu asubuhi kusema kontena lake lisipelekwe ghala la Changamwe, lipelekwe Miritini. Msimamizi akalitangaza kwa sauti katikati ya ofisi na kila mtu akalisikia. Faili lilikuwa mezani kwangu. Nikaandaa karatasi za dereva kama faili lilivyosema, lori likaenda Changamwe, likakuta lango limefungwa. Gharama za usafiri zikalipwa mara mbili, na kwenye kikao jioni macho yote yakanigeukia. Nilifungua faili mbele yao, nikawaonyesha ukurasa. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliotaja Miritini.

Sikuishia hapo. Usiku ule niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi. Sikulalamika, nilipendekeza kwamba badiliko lolote la mteja liandikwe kwenye kundi letu la WhatsApp pamoja na nambari ya faili, na lisipoandikwa, lihesabiwe halijatolewa. Alikubali, na kwa hilo namshukuru kwa dhati. Miezi michache baadaye mwenzangu anayesikia vizuri kabisa alirudi kutoka likizo ya uzazi, akakaa na simu yake akasoma kila kitu kilichotokea akiwa hayupo. Akaja mezani kwangu kuniambia kwamba hajawahi kurudi kazini akaanza bila kubahatisha. Nilifurahi sana siku hiyo.

Niseme na jambo la midomo, maana watu hulichukulia vibaya. Wakishajua nasoma midomo wanadhani basi mambo yamekwisha. Hebu simama mbele ya kioo useme bila sauti: baba, mama, papa. Midomo inafanya kitu kilekile mara zote tatu. Ofisini kwetu "bili" na "pili" siwezi kuzitofautisha usoni pa mtu hata mwanga ukiwa mzuri, na mwanga wenyewe mara nyingi si mzuri, kwa sababu kila mtu anapenda kuketi na mgongo dirishani apate upepo. Yanayobaki yote ni kukisia, na kukisia kutwa kunachosha mno. Nikifika kivukoni jioni macho yanakuwa yameiva. Na mashine ya sikio si jibu kwa kila mtu. Inakuza sauti tu, na jinsi sikio langu lilivyoharibika, sauti iliyokuzwa inanifikia kama kishindo kisicho na maneno.

Wapo wateja wanawake wanaovaa nikabu. Wengine, tukiwa peke yetu, hujifunua wenyewe ili nione midomo. Wengine huchukua kalamu. Sijawahi kumwomba yeyote ajifunue na sitamwomba, kalamu ipo.

Ofisini aliyenifaa kuliko wote ni mzee wetu wa kupeleka barua, mtu wa Kisauni, ambaye sote tunamwita Ami. Hakuna aliyemwagiza. Alinifuata wakati wa chai, tukiwa na mahamri na mbaazi, akanyoosha vidole akataka nimfundishe herufi. Leo tunazungumza kwa ishara mambo mengi ya kazi. Akitaka kuniita hagusi bega langu kwa ghafla, anagonga meza mara mbili na mimi napata mtikisiko kwenye viganja. Nimempa jina la ishara: kidole kinazunguka paji la uso, kwa ajili ya kofia yake ya vito. Vijana wa kompyuta sasa wanalitumia jina hilo hata mimi nisipokuwepo. Kama mzee wa umri wake aliweza, sioni kwa nini meneja wa miaka thelathini ashindwe na herufi za vidole.

Hapa lazima niwe mkweli kwa wasomaji. Nikisema "niandikieni", najisemea mimi, niliyeanza na Kiswahili kinywani. Mtoto aliyezaliwa kiziwi lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Ishara ya Kenya, na kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, viziwi hufanya lugha hiyo badala ya Kiswahili. Ukimwandikia aya tatu za Kiswahili kigumu hujamsaidia. Huyo anahitaji mkalimani. Na asionekane kama anaomba sadaka. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 120, inataja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Lugha yenye nafasi Bungeni haiwezi kukosa nafasi kwenye kikao cha ofisi.

Jambo lingine ambalo halikufundishwa darasani: mfanyakazi mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuomba cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na mapato yake hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hayatozwi kodi ya mapato. Ofisini kwetu aliyeshughulikia mishahara hakuwa akilijua hilo. Nililichapisha, nikampelekea. Kijana kiziwi unayesoma hapa, anza utaratibu huo mara tu upatapo kazi, kwa sababu hakuna atakayekukumbusha.

Naulizwa pia kama mtu aandike kwenye barua ya maombi kwamba ni kiziwi. Wenzangu wengi wanaficha, na ninawaelewa, maana barua nyingi huishia hapo. Mimi naona ni bora kuandika, na mstari unaofuata useme unachohitaji: mawasiliano kwa ujumbe wala si kwa simu, na mkalimani siku ya mahojiano. Ukificha, watakupigia simu, hutashika, na utahesabiwa hukutaka kazi.

Sasa imetangazwa nafasi ya msimamizi wa idara yetu. Tangazo linasema mwombaji awe tayari kupokea simu za wateja. Nimeomba. Kwenye barua nimeeleza simu hizo zinaweza kupokewa na nani na zikanifikia vipi ndani ya dakika moja, nikaambatanisha kumbukumbu za kundi letu za mwaka mzima kama ushahidi. Mahojiano ni mwezi ujao, na mkalimani nimeshamwomba kwa maandishi.

Msomaji wenu, Likoni, Mombasa