Subaru Inayosita Chini ya Mzigo: Je, Ninunue Kompyuta Mpya?

SWALI

Ndugu Mhariri,

Nina Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2006, yenye injini ya lita 2 ya turbo na gia sita za mkono, iliyoagizwa kutoka Japani. Kwa muda mrefu sasa gari hili linasita. Ninapokanyaga mafuta kwa nguvu nikiwa gia ya tatu au ya nne, mshale wa mizunguko ukishapita 3,000, nguvu hukatika ghafla kwa muda mfupi sana, kisha hurejea na gari huondoka kwa kasi. Nikipanda Kinungi kutoka Naivasha, hali hiyo hurudia mara kwa mara. Vilevile gari husita na kutoa moshi mweusi kidogo kila ninapobadilisha gia kwa haraka. Mjini, nikiendesha polepole, halina tatizo lolote, na taa ya injini haijawahi kuwaka. Niliposhuka nalo hadi Mombasa sikuona tofauti.

Gereji ninayoitumia imebadilisha plagi na pampu ya mafuta, ikasafisha injekta, na sasa inanishauri ninunue kompyuta nyingine ya kuongoza injini na kuiwekea programu mpya. Nililinunua gari likiwa na chujio la hewa la wazi la aina ya kupakwa mafuta, eksozi pana, na ile valvu inayopuliza upepo nje ninapoachia kanyagio. Petroli ninayotia ni ya kawaida. Je, niinunue kompyuta hiyo?

Msomaji, Nakuru

JIBU

Ndugu yangu wa Nakuru, usiinunue. Kompyuta iliyoharibika ni nadra sana kuchagua kukosea katika gia ya tatu na ya nne peke yake, tena chini ya mzigo tu, na kufanya kazi vizuri saa nyingine zote. Barua yako ina maelezo ya kutosha kuonyesha mahali pa kuanzia, na jambo la kwanza ninaloliona ndani yake ni kwamba huelezi tatizo moja bali mawili, ambayo huenda gereji imeyachanganya.

Tuanze na kule kusita kunakokuja baada ya kubadilisha gia, pamoja na moshi mweusi. Katika injini yako, sensa ya kupima hewa imewekwa mara tu baada ya chujio, kabla ya turbo, nayo ndiyo inayoiarifu kompyuta uzito wa hewa iliyoingia ili injekta zimwage petroli inayolingana nayo. Sensa hiyo ni karani anayeandika magunia mlangoni mwa ghala: gunia likishaandikwa, huhesabiwa kuwa limo ndani. Valvu iliyotoka Japani na gari hili huirudisha hewa ya ziada kwenye bomba lililo baada ya sensa, kwa hiyo hesabu haiharibiki. Valvu yako huitupa nje hewa ambayo imekwisha kuhesabiwa, lakini injekta bado zinamwaga petroli yake. Mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi mno kwa muda mfupi, injini inasita, na masizi yanatoka kwenye eksozi. Najua sauti ya valvu hiyo inapendwa sana na vijana wenye Subaru, lakini kwa injini inayotumia sensa ya aina hii sikubaliani nayo hata kidogo. Tafuta valvu ya asili, iwekwe na kuunganishwa na bomba lake la kurudishia hewa, kabla ya kazi nyingine yoyote.

Tatizo la pili, la nguvu kukatika mlimani, ndilo zito. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano likilinganishwa na la Mombasa, hivyo turbo huchelewa kidogo kujaza. Hata hivyo, kuchelewa kwa turbo huhisiwa kama nguvu inayopanda polepole bila kukatika. Wewe unaeleza nguvu iliyopo, inayokatika, kisha inarudi, na safari yako ya Mombasa imethibitisha kwamba mwinuko si chanzo.

Mshukiwa wangu wa kwanza ni moto wa plagi, licha ya plagi kuwa mpya. Turbo inaposhindilia hewa ndani ya silinda, umeme huhitaji volti nyingi zaidi ili kuruka kutoka ncha moja ya plagi hadi nyingine. Nafasi kati ya ncha hizo ikiwa pana mno, au koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wake, ikiwa imechoka, cheche huruka vizuri injini inapounguruma bila mzigo, lakini hushindwa pale hasa presha ya turbo inapofika kileleni. Kwa injini hii nafasi inayofaa ni milimita 0.7 hadi 0.8, na plagi mpya haifai kuaminiwa kwa sababu tu imetoka kwenye boksi. Ni lazima ipimwe kwa geji. Muulize fundi wako kama alizipima. Kwa kuwa silinda za Subaru zimelala ubavuni, plagi zake hazifikiki kwa urahisi, na fundi mwenye haraka huweza kuchana mpira wa koili bila kujua. Achungulie pia kama kuna oili ndani ya matundu ya plagi, kwa sababu sili za matundu hayo huvuja injini inapozeeka, na oili hiyo huharibu mpira na kuupitishia umeme pasipotakiwa.

Koili haipimwi kwa mita ya umeme ikiwa baridi mezani, kisha ikatangazwa kuwa nzima. Njia bora ni kuunganisha mashine inayosoma idadi ya mara ambazo kila silinda imekosa kuwaka, kuendesha gari chini ya mzigo, kisha kuhamisha koili ya silinda yenye kasoro kwenda silinda nyingine. Kasoro ikihama pamoja nayo, umempata mkosaji. Wala usistaajabu kwamba taa haijawaka: kompyuta husubiri silinda ikose kuwaka kwa kiwango fulani kabla ya kuiwasha, na kukatika kwa muda mfupi huweza kupita bila kufikia kiwango hicho.

Plagi na koili zikithibitika kuwa nzima, geukia hewa. Mpira mkubwa unaoipeleka hewa kwenye turbo umepita chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, mahali pasipoonekana na penye joto kali, na baada ya miaka mingi hupasuka. Ufa hapo huingiza hewa isiyohesabiwa, na petroli inakuwa haba. Ufa ulio baada ya turbo, kwa mfano kwenye maungio ya intakula inayopoza hewa ya turbo, hutenda kinyume chake injini inapokuwa na presha: hewa iliyohesabiwa hutoroka, na petroli inazidi. Fundi azibe mlango wa hewa, atie upepo wa kompresa wenye presha isiyozidi baa 1, kisha apake maji ya sabuni kwenye kila ungio na kila klipu. Mapovu yataonyesha penye ufa. Kipimo hiki hakihitaji spea hata moja, nami nasikitika kwamba hakikufanywa kabla ya pampu kununuliwa.

Chujio lako nalo lina swali la kujibu. Mafuta yakipakwa kupita kiasi husafiri na hewa na kuganda kwenye waya mwembamba wa sensa, ambao sasa huripoti hewa kidogo kuliko inayoingia. Isafishwe kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa mahsusi kwa sensa hizo, bila kuigusa kwa kitambaa wala brashi. Injini ikiwa na moto na inaunguruma bila mzigo, sensa nzima ya injini ya lita 2 huonyesha takriban gramu 3 hadi 5 za hewa kwa sekunde.

Kuhusu petroli, pampu mpya si ushahidi kwamba petroli inafika. Ifungwe geji kwenye njia ya petroli: mpira wa vakyumu wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya petroli, ukiwa umechomolewa, presha iwe karibu baa 3, na mpira ukirudishwa, presha ipande sawasawa na ya turbo, hata ifike karibu baa 4 turbo inapotoa baa 1. Katika gari hili pampu huendeshwa na kifaa cha umeme kinachoipa nguvu kwa ngazi tatu, takriban asilimia 33, 67 na 100, kulingana na mzigo. Kifaa hicho au nyaya zake zikikosa kuifikisha pampu kwenye ngazi ya juu, gari litaenda vizuri mjini na kuishiwa na petroli mlimani, hata ukibadilisha pampu mara ngapi. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu petroli haba chini ya presha ya turbo huweza kuyeyusha pistoni. Kwa hiyo, hadi vipimo vikamilike, usikanyage mafuta mpaka chini.

Petroli yenyewe pia ina sehemu yake. STI ya soko la Japani ilipangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo vituo vya huko huiuza ikiwa na okteni 100; okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kuwaka ovyo. Ikipewa petroli ya okteni ya chini, injini hugonga, sensa ya kugonga husikia, na kompyuta huchelewesha moto wa plagi ili kuilinda. Kwa kawaida gari huwa zito kwa jumla badala ya kukatika ghafla, ndiyo maana sikuliweka jambo hili mbele; hata hivyo, kuanzia sasa tia petroli ya okteni ya juu kabisa inayopatikana karibu nawe. Programu mpya iliyopangwa kwa ajili ya petroli yetu ni wazo zuri, ila iwekwe kwenye kompyuta hiyohiyo uliyo nayo, na baada ya hitilafu kuondolewa. Ikiwekwa sasa, itapangwa juu ya cheche mbovu au hewa inayovuja.

Rudisha valvu, pima nafasi za plagi, kagua koili, kisha fanya kipimo cha sabuni. Kama gari bado linasita, mwombe fundi arekodi kwa mashine, akiwa ameketi kando yako nawe ukiendesha katika gia ya tatu: mizunguko, gramu za hewa, presha ya turbo, uwiano wa hewa na petroli, na digrii za moto wa plagi. Ututumie rekodi hiyo, ukieleza pamoja nayo ni kwenye mizunguko mingapi hasa nguvu ilipokatika, nasi tutaijibu hapa.