Kutua kwa Macho: Jukumu ni la Nani?

Swali: Oktoba 2023 ndege ya Lufthansa kutoka Munich ilifika San Francisco usiku. Marubani walikataa kujitenga na ndege nyingine kwa kuitazama kwa macho, wakaishia kutua Oakland. Ndugu yangu anayesomea urubani anasema waling'ang'ania kanuni za kampuni ilhali anga lilikuwa safi. Mnasemaje? (Msomaji, Moshi)

Jibu: Hawakukosea. Njia mbili za kutua ndege za San Francisco, 28L na 28R, zimeachana futi 750 tu, kama mita 230. Kwa nafasi hiyo, mwongoza ndege anayetegemea rada hawezi kuzileta ndege mbili sambamba. Kwa hiyo wakati huo, anga likiwa safi, alikuwa akimuuliza rubani kama anaiona ndege ya jirani. Rubani akijibu kwamba anaiona na akakubali kujitenga nayo, kazi hiyo inakuwa yake, pamoja na kukwepa msukosuko wa hewa unaoachwa na ndege iliyo mbele. Jibu la sekunde mbili redioni linahamisha jukumu lote hilo.

Usiku anachokiona ni taa tu. Taa hazimwambii kama ndege iko maili tatu au sita, wala kama inapunguza mwendo, na nyuma yake kuna taa za mji mzima. Kampuni inayopiga marufuku kujitenga kwa macho usiku ina sababu, na rubani akiambiwa afanye asichoruhusiwa, jibu ni moja: "Hatuwezi."

Ndugu yako ana hoja kidogo upande mmoja. Anayetaka kutua kwa ILS pekee (mfumo wa redio unaomwonyesha rubani mstari wa njia na kimo cha kushukia) anahitaji nafasi kubwa kwenye foleni, na mwongoza ndege ana wengine wa kuwashusha. Basi rubani aseme mapema, anapozungumza kwa mara ya kwanza na waongozaji wa eneo lile, na awe amebeba mafuta ya kusubiri na ya kwenda uwanja mbadala.

Swali: Kama uwanja unaonekana mbele yako, vyombo ni vya nini tena? (Mwanafunzi, Nairobi)

Jibu: Ni vya kuthibitisha kwamba unachokiona ndicho. Usiku wa tarehe 7 Julai 2017, hukohuko San Francisco, Airbus A320 ya Air Canada iliruhusiwa kutua 28R. 28L ilikuwa imefungwa na taa zake zimezimwa. Marubani walitarajia kuona njia mbili zenye taa. Wakaidhania 28R kuwa ndiyo 28L, na barabara ya C, ambayo ndege hupita zikiwa ardhini, wakaidhania kuwa ndiyo 28R. Juu ya barabara hiyo ndege nne zilikuwa zimepanga foleni zikisubiri kuruka. A320 ilishuka hadi futi 60 hivi kabla ya kupaa tena. Masafa ya redio ya ILS ya 28R yalitakiwa kuingizwa kwa mkono, nayo hayakuingizwa. Yangeingizwa, sindano ya chombo ingewaonyesha kwamba wako kando ya mstari.

Hapa kwetu, tarehe 18 Desemba 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Kilimanjaro ilitua Arusha, kwenye njia ya mita 1,600 hivi badala ya ile ya mita 3,600. Viwanja vyote viwili vina njia ya 09/27, yaani inayoelekea mashariki na magharibi, kwa hiyo dira peke yake haikuonyi kitu.

Kabla ya kuanza kushuka, ingiza ILS ya njia uliyopewa kama inafanya kazi, na uchore mstari wa katikati ya njia kwenye ramani ya skrini. Kisha pima kimo: futi 300 kwa kila maili moja ya baharini, yaani ukiwa maili tatu uwe kwenye futi 900 na kitu. Kasi ya kushuka unaipata kwa kugawa mwendo wako juu ya ardhi kwa mbili na kuongeza sifuri. Noti 140 (maili za baharini kwa saa) ni futi 700 kwa dakika. Taa za PAPI, zilizo kando ya njia kukuonyesha kama kimo chako ni sahihi, zionyeshe nyeupe mbili na nyekundu mbili. Nyekundu nne maana yake uko chini mno.

Swali: Rubani msaidizi afanye nini mkuu wake anapokosea? (Msomaji, Dar es Salaam)

Jibu: Aseme kwa namba. Tarehe 6 Julai 2013 Boeing 777 ya kampuni ya Asiana ilikuwa ikitua kwa macho 28L ya San Francisco, mshale wa ILS unaoonyesha kimo cha kushukia ukiwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi. Kwenye futi 500 mwendo ulikuwa sahihi, noti 137, na hapo ndipo mtego ulipokuwa: injini zilikuwa zimerudishwa chini kabisa na ndege inashuka futi 1,200 kwa dakika badala ya 700. Marubani waliamini kwamba mfumo wa kurekebisha nguvu za injini unalinda mwendo, kumbe ulikuwa katika hali isiyolinda. Walianza kupaa wakiwa chini ya futi 100, na watu watatu wakafa. Ilipasa wapae tena palepale kwenye futi 500, bila kujadiliana.

Anayefuatilia vyombo ataje kasoro: "Kushuka, elfu moja na mia mbili." Asipojibiwa au isiporekebishwa papo hapo, aseme "Paa tena." Akinyamaziwa, aseme "Ninashika mimi," asukume mikono ya injini mbele na kuinua pua. Utaratibu huu ukubaliwe kwa sauti kabla ya kuanza kushuka, wakati hakuna aliyekosea bado.