Jibu: Je, Saaz inaweza kushika nafasi ya Cascade?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kutumia hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) za Saaz badala ya Cascade katika bia yako ya nyumbani pale Kampala bila ladha kubadilika. Kwa uchungu inawezekana; kwa harufu, haiwezekani kabisa. Cascade, iliyotolewa Marekani mwaka 1972, ina harufu ya balungi na maua, ilhali Saaz ya Ucheki ni ya upole, yenye viungo na majani makavu, na ndiyo inayoipa pilsna, bia nyepesi ya rangi ya dhahabu ya huko, tabia yake. Binafsi naipenda Saaz zaidi, kwa kuwa haikifuniki kimea.

Soma kiwango cha asidi ya alfa, yaani kinacholeta uchungu, kwenye pakiti: ikiwa Cascade yako ina asilimia 6 na Saaz asilimia 3, gramu 20 za kwanza zitahitaji gramu 40 za pili ili uchungu ulingane. Kumbuka pia kwamba Kampala, kwa kuwa iko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi, kwa hiyo uchungu hutoka polepole kidogo kuliko pwani.

Ili uzilinganishe kwa haki, pika maji ya kimea mara moja, yagawe katika sufuria mbili, tumia hamira ileile, na utie sehemu ya hopsi dakika 5 za mwisho, maana mafuta yenye harufu hupotea na mvuke. Hopsi zetu huagizwa kutoka mbali. Zihifadhi kwenye friza, zikiwa zimefungwa pasipo hewa.