Mnada wa bunduki mtandaoni: tovuti isiyokusumbua ikimbie

Wadau wananiuliza sana hili swali, hasa sisi tuliohamia huku Marekani tukajikuta kila mwezi wa 11 tunaingia porini na wenyeji, kwamba kaka bunduki unanunua tovuti gani na usipigwe. Nianze kwa kusema mi sio mtaalamu, ni dereva wa foklifti hapa Pennsylvania, nina bunduki tatu za kuwindia na nimeshapigwa mara mbili, kwaiyo ninayoandika hapa mengine nimeyalipia hela.

Nimekulia Sikonge kule Tabora, mjomba wangu alikuwa na gobole, na bunduki kwetu ilikuwa kitu unachokisikia kinalia mbali usiku afu asubuhi kila mtu ukimuuliza anasema hakusikia kitu. Sasa fikiria mtu wa hivyo anafika huku anakuta kwenye simu kuna mnada, picha kumi na mbili za bunduki moja, bei inapanda huku anaangalia. Nilichanganyikiwa. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia zile picha kazini wakati wa mapumziko ya zamu ya usiku kama wengine wanavyoangalia mpira.

Kosa langu la kwanza ndo la wengi. Nilitafuta tovuti rahisi. Nikaipata moja, nzuri, rangi safi, bunduki ya kuwindia aina ya Marlin 336 dola 350 wakati kwingine naiona inagonga 600, na wameandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba wanaleta mpaka mlangoni, hakuna fomu, hakuna usumbufu, unatuma hela kwa Zelle (ile ya kutumiana hela benki kwa benki kwenye simu) mzigo unakuja. Nikatuma advansi ya dola 100. Mpaka leo. Baadae nikaja kuziona zile picha kwenye mnada halali wa mzee mmoja wa Ohio, walizikwapua kama zilivyo mpaka kapeti lake.

Ningejua sheria kidogo tu nisingetuma hata senti, maana lile neno mlangoni lenyewe lilikuwa linaniambia hawa ni matapeli. Kwa sheria ya Marekani tangu 1968, bunduki ya kisasa ukiinunua kwa mtu wa jimbo lingine haiji nyumbani kwako, inatumwa kwenye duka lenye leseni ya serikali kuu, wenyewe wanaita FFL, we unaenda pale na kitambulisho, unajaza fomu namba 4473, wanakuchunguza historia yako (hapa Pennsylvania polisi wa jimbo wana mfumo wao wanaita PICS, majimbo mengi yanatumia ule wa FBI wa NICS), ukipita ndo unakabidhiwa. Zipo za kale zilizotengenezwa 1898 kurudi nyuma ambazo sheria hii haizihesabu kama bunduki, na kuna wakusanyaji wenye leseni yao maalum ya bunduki zilizozidi miaka 50, ila wewe na mimi tunaotafuta ya kuwindia swala wa huku (deer) hatumo humo. Kwaiyo tovuti ikikusumbua, ikakuuliza duka gani litapokea, ikataka leseni ya duka itumwe kwa muuzaji kabla mzigo haujatoka, tulia hapo hapo. Isiyokusumbua ikimbie.

Tovuti yenyewe sasa. Kwa minada mkubwa wao ni GunBroker, upo tangu 1999, mwaka ule ule ambao eBay walipiga marufuku kuuza bunduki kwao. Facebook nao toka 2016 hawataki watu binafsi wauziane, japo utaona matangazo ya kiajabu yanapita, stika ya bei ya ajabu au picha ya sanduku tupu, kumbe kinachouzwa kwa kificho ni bunduki, usiingie. Halafu kuna nyumba za mnada zile za kizamani zenye nyundo ambazo siku hizi unapandisha dau mtandaoni, kama Rock Island, na hawa Morphy wapo mji unaitwa Denver hapa hapa Pennsylvania, nimeshaenda kuangalia tu, hela sina. Huko ni bunduki za wakusanyaji, na kuna kitu watu wanasahau, ukishinda wanakuongezea ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 15 mpaka 25 juu ya bei ya nyundo. Umeshinda kwa 1,000 unajiona mjanja kumbe unadaiwa 1,200 na ushee, bado kusafirisha.

Kinachonifanya nipende tovuti moja kuliko nyingine ni kama inanionyesha bei ambazo vitu VIMEUZWA. Bei anayoomba muuzaji kila mtu anaota ya kwake. Mi nakaa wiki mbili tatu naangalia minada iliyofungwa tu, naandika kwenye daftari, ndo najua soko liko wapi. Na iwe inanionyesha maoni ya wanunuzi waliopita, ambayo nayasoma yale mabaya kwanza, sihangaiki na mia tano za kusema asante. Mtu akilalamika kwamba mzigo ulichelewa siku nne sio ishu, ila ukikuta wawili wanasema kutu haikuonekana kwenye picha, ondoka.

Ngoja niwape mfano wa Marlin yangu maana hapa ndo nimejifunza mengi. Ile 336 ni bunduki ya kukoki kwa kile kipini cha chini kwenye kifyatulio, kama za wachunga ng'ombe kwenye sinema, inapiga risasi ya .30-30, na wawindaji wa hapa wanaipenda kwa sababu misitu yetu imebana hupigi mbali, afu pia Pennsylvania hairuhusu swala kumpiga na raifo inayojikoki yenyewe. Sasa kampuni ya Marlin ilichukuliwa na Remington miaka ile ya 2007 na 2008, na zilizotoka baada ya hapo watu walizilalamikia sana ubora, mpaka 2020 Ruger wakainunua. Kwaiyo kwenye mnada zile za zamani zina muhuri wa herufi JM pembeni ya mtutu, na hizo ndo watu wanatoana macho. Muuzaji akiandika JM kwenye kichwa cha habari na picha ya muhuri hamna, muulize, ombi la picha ni bure. Mimi nilimuuliza, akapiga picha, na akanipa tarakimu mbili za mwanzo za namba ya bunduki, zilikuwa 18. Kuna hesabu ya wazee, kwa zile za kuanzia 1973 unatoa hizo mbili kwenye 100 unapata mwaka, kwaiyo yangu ni ya 1982, imenizidi umri.

Nikaweka dau langu la mwisho, 620, mfumo wa GunBroker unakupandishia wenyewe kidogo kidogo mpaka hapo. Na ule ujanja wa kuvizia sekunde ya mwisho kule haufanyi kazi, mtu akiweka dau ndani ya dakika 15 za mwisho mnada unaongezwa muda, nimewahi kuona mnada wa kuisha saa tatu unaisha saa nne kasorobo watu wawili wanakomoana. Ndo maana namba yako ya mwisho iandike kwenye karatasi mchana ukiwa na akili, usiku usiiguse. Nilishinda kwa 610. Ongeza kodi ya jimbo asilimia 6, kusafirisha 40, duka la kupokea 35, ikafika kama 720. Hiyo 720 ndo bei ya bunduki, wala sio 610.

Hapo kwenye duka kuna mtego ulionitoa jasho. Nilishinda kwanza ndo nikaenda kuuliza duka, wakaniambia wao hawapokei bunduki kutoka kwa mtu binafsi asiye na leseni, wanapokea kutoka duka kwenda duka tu. Ni haki yao. Siku tatu nahangaika kwenye simu huku muuzaji ananitumia meseji kila asubuhi. Kwaiyo duka KWANZA, waulize wanachukua shilingi ngapi, wanapokea kutoka kwa nani, na ukifika pale fungua boksi uikague mbele yao kabla hujasaini fomu, maana wauzaji wengi wanakupa siku tatu za ukaguzi na ukishajaza makaratasi ikawa jina lako ndo basi tena. Omba taa uangalie ndani ya mtutu ile mifereji kama imeliwa, angalia mdomo wa mtutu, angalia kitako kama kina ufa nyuma ya chuma.

Vifaa sasa. Hapa ndo watu wanaibiwa kimya kimya kwa sababu darubini ya kulengea haihitaji duka wala fomu, inakuja kweli mlangoni. Nilinunua darubini ya Leupold dola 180 kwenye tovuti ya kawaida ya bidhaa mchanganyiko, sanduku la dhahabu, kila kitu. Jumamosi ya kwanza ya msimu, ile ya baada ya sikukuu ya Thanksgiving, baridi inauma, dume limesimama mita 60 hivi, naweka jicho naona ukungu mtupu. Ndani ya kioo! Nikawapigia wenye kampuni Oregon nikawasomea namba, wakasema kwa upole haipo kwenye vitabu vyao. Feki. Tangu siku hiyo darubini naomba namba yake kabla ya kulipa na napiga simu mwenyewe. Muuzaji akikataa kutoa namba kwa sababu ya usalama, usalama wa nani? Magazini nazo (kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki) angalia jimbo lako, New York na New Jersey mwisho risasi 10, muuzaji wa Texas yeye anatuma tu, wa kushikwa ni wewe.

Kuuza nimeuza mara moja tu. Kampuni kubwa binafsi za kusafirisha siku hizi hazichukui bunduki kwa mtu asiye na leseni, kwaiyo nililipa duka la mtaani wakaituma wao, imeisha hiyo. Kulipana kwa PayPal usiitaje, hawataki kabisa. Na ukianza kununua ili uuze kwa faida, wewe tayari ni mfanyabiashara, tafuta leseni.

Kwenye ile fomu sasa, hasa kwa sisi wageni. Inauliza uraia na viza yako. Mwenye grini kadi hana shida, ila aliyekuja kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi, kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya kuwinda ila usijitafsirie, tafuta wakili. Bangi nayo, hata kama jimbo lako wanauza dukani, fomu yenyewe imeandika kwamba kwa serikali kuu bado ni kosa. Na inauliza kama bunduki ni ya kwako kweli. Shemeji akikuomba umchukulie kwa jina lako kwa sababu makaratasi yake hayajakaa sawa, kataa hata akinuna, sheria ya 2022 imeweka mpaka miaka 15 jela.

Kutuma nyumbani ndo usithubutu, hata darubini tu, nayo iko kwenye vitu vya kuombea kibali serikalini kabla ya kutoka Marekani, na Tanzania nako kuna sheria ya silaha ya 2015 inayomsubiri anayepokea. Mjomba haelewi hilo, ananitumia voisi kila mwezi, eti wewe uko kwa wazungu unashindwa kamdude ka kuonea mbali? Nimemtumia lile koti letu la kuwindia la rangi ya chungwa. Kasema limemkaa, analivalia kwenye bodaboda.