Barua kwa mwanangu: nikaze au niache?

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliiona juzi usiku nikaisoma mara tatu, nikaona hii si ya kujibu kwa simu, maana nikipiga utaniambia sawa mama sawa mama halafu yote yataishia hapo. Umesema umejiandikisha zile mbio za milimani kilomita 50, na ndefu uliyowahi kukimbia ni 21 za lami hapo Mwanza, sasa unaniuliza ukiishiwa huko porini ukaze au uache.

Ngoja nikwambie kitu ambacho sijawaambia nyie watoto. Ile mara yangu ya kwanza kule Lushoto niliposema nimeumwa tumbo nikaacha, haikuwa tumbo. Mimi nilikua naogopa kuishiwa maji, mana kila mtu aliniambia kunywa maji mama kunywa maji, basi kila kituo nakunywa vikombe viwili vitatu na mgongoni nimebeba lita mbili nyingine, kula sikula kitu, chumvi ndo kabisa sikuonja. Kufika kama kilomita ya 30 msitu wa Magamba ule, baridi na ukungu, nikaona mikono mizito. Nikaitazama. Pete ya baba yako imezama kwenye nyama, vidole vimevimba hata kukunja ngumi siwezi, ngozi imevutika inang'aa. Kichwa kinagonga, natapika maji matupu. Nikakutana na mama mmoja kabeba kuni nikamuuliza njia ya kwenda Ngamiani ni ipi. Ngamiani ya huku kwetu Tanga mjini mwanangu, na mimi niko juu ya mlima! Yule mama akatua kuni zake chini, akanishika mkono mpaka kituoni.

Pale kituoni kulikua na nesi, aliniangalia vidole tu, hata mapigo hajapima, akasema wewe mbio zako zimeisha. Niliomba maji akanikatalia hata kikombe kimoja, akanipa supu yenye chumvi nyingi kidogo kidogo na kuniambia nikae. Baadae ndo nikaelewa, ukinywa maji mengi kupita jasho linalotoka chumvi ya kwenye damu inashuka, ubongo unavimba, na watu wamekufa hivyo kwenye mbio ndefu, tena sio kwa kiu. Wallah sikuwahi kujua maji yanaweza kumuua mtu aliye nchi kavu.

Niliporudi nyumbani watu wakanitolea habari ya mzee Akhwari, si unaijua, John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa Tanzania, Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka goti likaumia akafungwa bendeji na akamaliza marathoni zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Yaani wakanifanya nijione nimeliangusha taifa. Nililia. Nampenda sana yule mzee na kila nikimkumbuka mwili unanisisimka, ila nimelifikiria sana hilo baba, goti lake liliumia lakini kichwa chake kilikuwepo, alijua yuko wapi na anaelekea wapi. Na siku ile walianza watu 75 wakamaliza 57. Wale 18 walioacha nao walikua wanariadha wa Olimpiki, hakuna anayewaita waoga.

Kwaiyo jibu langu ndo hili. Mapaja yakiwaka moto kwenye mteremko, kaza. Malengelenge, kucha kuwa nyeusi, kaza. Ile hali ya kutaka kukaa chini ulie bila sababu, ambayo itakuja tu, mara nyingi ni njaa. Tembea, kula tende tatu nne na kiazi cha kuchemsha kilichopakwa chumvi, subiri dakika ishirini uone kama haijaondoka. Usisubiri njaa ije, kula kila nusu saa toka mwanzo hata kama hutaki. Na vilima vyote vikali panda kwa kutembea mikono magotini, hata wazoefu wanatembea, usimwangalie anayekupita.

Ila ukianza kuchanganya maneno, au unayumba, au umevimba, au mkojo umekua rangi ya soda nyeusi, hapo acha, hata ikiwa imebaki kilomita moja. Mkojo huo ni misuli imeharibika inaziba figo. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimeze njiani kabisa, najua vijana mnameza kama pipi, figo ikiwa na kazi ngumu hivyo dawa hizo zinaimaliza. Beba ORS, ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji, pakiti moja lita moja kamili ya maji, usipunguze maji ili ikolee. Kunywa ukisikia kiu, basi.

Mazoezi una bahati kunizidi. Mimi huku tambarare tupu, nakimbia mpaka mapango ya Amboni na kurudi sijaona kilima, jumamosi inabidi nipande daladala Muheza nianze kupanda kuelekea Amani. Wewe una vilima vya mawe nje ya mlango. Usihangaike sana na kupanda, jifunze KUSHUKA, hatua fupi fupi, mana lami haikuandai na mteremko, mimi ile mara ya pili niliyomaliza nilishuka ngazi za nyumbani kinyumenyume siku nne. Raba mpya usizivae siku hiyo, na ongeza umbali kidogo kidogo, si unatoka 21 wiki hii unaruka 40 wiki ijayo.

Wajukuu wangu wasalimie, mwambie mkeo ule muhogo mkavu nitakuja nao mwenyewe, maana nimeshaongea na dada yako tunakuja wote siku ya mbio. Nitakaa kituo cha mbali kabisa watakachoniruhusu, na chupa ya chai yenye supu. Pete yako ya ndoa usiivue siku hiyo. Ukinifikia nyoosha mkono kwanza niione, ndo tusalimiane.

Mama yako,
Tanga