Usipange wiski kwa namba ya umri, mkuu

Mleta uzi, usianze na hiyo wiski ya Lagavulin. Umeandika kwamba Jumamosi unawaita wenzako, mtafungua Lagavulin 16 (namba ni miaka iliyokaa pipani), ifuate GlenDronach 18, mmalizie na Glenfiddich 21 "tuone umri unaifanyia nini wiski". Halafu ukauliza glasi gani, barafu iwepo au isiwepo, na mtafune nini. Hayo ni madogo. Mpangilio wenyewe ndio utakaokula pesa yako, maana ulishakula yangu.

Nilikuwa naishi Glasgow. Tulichanga watu wanne tukanunua chupa tatu, na kubwa yao ilikuwa Glenfarclas 25, ambayo peke yake ilimeza sehemu kubwa ya mchango. Muuzaji wa dukani, mtu mzima mwenye maneno matamu, akatuambia tupange kwa umri: changa itangulie, kongwe iwe ya mwisho, na kila hatua utamu utapanda. Changa yetu ilikuwa Laphroaig 10. Aliyewahi kuinusa ameshajua kilichotupata. Ni wiski ya kisiwa cha Islay huko Uskoti, kimea chake cha shayiri kinapitishwa kwenye moshi wa piti, ule udongo mweusi wa mabwawani unaochimbwa na kuchomwa. Ukiileta puani unapata moshi, mwani na dawa ya kidonda kwa mkupuo, na ukishameza, moshi hauondoki kooni.

Tulipofika kwenye ile ya miaka 25, ilikuwa kama kulamba asali baada ya kutafuna karafuu. Mmoja akasema imekufa, mwingine akasema tumeuziwa maji ya rangi. Kabla hakujakucha, nusu ya chupa ilikuwa imeshachanganywa na soda ya kola. Na msianze kunicheka hapo, mchango ulikuwa wa wote na kila mtu alimimina.

Iliyobaki niliionja siku nyingine, mchana, kabla sijala kitu. Zabibu kavu, ganda la chungwa, njugu za kukaanga, kisha ladha ya mbao kavu inayokaa ulimini muda mrefu baada ya kumeza. Chupa ile ile! Yule muuzaji sijamsamehe mpaka leo. Mtu anayeshinda katikati ya chupa hizo anajua kwamba moshi unafunika kila kinachofuata, na kwamba yenye moshi huwekwa mwisho hata kama ndiyo changa kuliko zote. Alijua, akanyamaza, kwa sababu ile hadithi ya utamu kupanda na miaka ndiyo iliyomuuzia chupa ya namba kubwa.

Kwa hiyo shika hili, mengine hata ukisahau: ukitaka kuonja umri, umri peke yake ndio ubadilike. Kiwanda kiwe kimoja, mapipa ya aina moja, nguvu ya kilevi ile ile. Zako tatu hazina kinachofanana. Lagavulin ina moshi. GlenDronach 18 imekaa kwenye mapipa ya sheri, ile divai kali ya Kihispania, na ina kilevi asilimia 46. Glenfiddich 21 imemaliziwa kwenye mapipa yaliyokuwa na ramu ya Karibi, kwa hiyo utamu mtakaousikia mtadhani ni wa miaka 21 wakati ni kazi ya ramu.

Hata namba yenyewe haisemi unachodhani. Kwa sheria za wiski ya Uskoti za 2009, umri unaoandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo, na hakuna anayekatazwa kutia kongwe zaidi. GlenDronach ilisimamisha kazi 1996, ikawashwa tena 2002. Sasa chukua chupa ya 18 iliyojazwa 2018. Wiski ya mwaka 2000 haipo duniani kwa kiwanda hicho, kwa hiyo iliyomo ni ya 1996 au kabla, yaani imeshatimiza miaka kama 22. Unasoma 18, unakunywa 22. Ukiiweka mbele ya Glenfiddich 21 eti kwa kuwa ni "mdogo", umeshakosea hesabu kabla ya kunusa.

Na pipa lina kauli kuliko kalenda. La bourbon, wiski ya Marekani, ni kama lita 200, la sheri huweza kufika 500, na dogo huigusisha wiski na mbao zaidi. Lililojazwa mara nyingi huwa limechoka, halitoi mengi. Huku kiasi cha asilimia 2 hupotea hewani kila mwaka, kilevi kinashuka, hata moshi unafifia. Pipa likizidisha, mbao zinatawala na kinywa kinabaki na ukakasi tu. Kuna wiski ambazo zilistahili kutolewa mapema.

Ningekuwa wewe, ningetafuta Glenfarclas 12 na 21. Zote ni za sheri, zote asilimia 43, na haziongezwi rangi. Ile ya 15 iruke, ina asilimia 46 na itakuvurugia. Mtu asiyekunywa awamiminie chumba kingine, aandike namba chini ya glasi, kila mmoja aandike anachokisikia kabla ya kuambiwa ipi ni ipi. Weusi wa kinywaji msiupe maksi, sheria inaruhusu kutia karameli kwa ajili ya rangi. Barafu hapana, baridi inafunga harufu. Maji ni matone machache, baada ya kuonja kavu kwanza.

Lagavulin yako ni wiski nzuri sana, hata mimi ninayo kabatini. Ifungueni karatasi zote zikishakusanywa.