Draiva yako iombe kabla ya kugusa, na irudishe ilichochukua

Msimu mmoja wa kahawa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, niliitwa na chama cha wakulima wilayani Mbozi. Wakati huo nilikuwa fundi kijana pale Mwanjelwa, Mbeya mjini. Karani alinipokea mlangoni: "Karibu fundi. Mizani ikianza kusoma, kipanya kinaganda." Magunia ya kahawa ya maganda yalikuwa yamepangwa hadi nje na wakulima wamekaa juu yake wakisubiri. Kila gunia lilipopandishwa mizani, mshale kwenye skrini ulisimama hapohapo, na karani alilazimika kuzima mashine na kuiwasha upya.

Nilibadilisha kipanya. Nikabadilisha waya wa mizani. Nikapakia Windows 98 upya, jua likazama, watu wakarudi nyumbani bila kupimiwa. Hilo la watu kurudi bila kupimiwa bado linaniuma.

Usiku nilifungua kasha na kumulika kadi kwa tochi. Kipanya kilikuwa kwenye COM1, mizani kwenye COM3, yaani poti (matundu) za kuchomekea vifaa. Kwenye kompyuta za zamani poti hizo mbili zina anwani tofauti, 3F8 na 3E8, lakini kwa desturi zinatumia laini moja ya intarapti, yaani ile ishara ambayo kifaa hutuma kumgutua prosesa aache alichokuwa anafanya. Zote ni namba 4. Kimoja kikiwa peke yake kinafanya kazi vizuri kabisa, ndiyo maana kila nilichojaribu kilionekana kizima. Nilichomoa jampa, kile kiplastiki chenye chuma ndani, kidogo kuliko punje ya mahindi, nikakihamisha kutoka pini za 4 kwenda pini za 5, ambazo hazikuwa na mtu. Nikaiambia Windows kwamba COM3 sasa iko namba 5. Asubuhi gunia la kwanza lilipanda mizani na mshale ukaendelea kutembea.

Tangu siku hiyo, kifaa kikigoma bila sababu inayoonekana, swali langu la kwanza ni hili: nani mwingine anatumia alichopewa huyu?

Kompyuta za aina ile zilikuwa na laini 16 tu za intarapti, zilizopita kwenye chipu mbili za 8259, na laini moja ilitumika kuziunganisha chipu zenyewe. Zinabaki 15. Saa inachukua namba 0, kibodi namba 1, diski nayo ina yake. Siku hizi uhaba huo umepungua sana, na kadi za PCI, zile zinazochomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, zinaweza kutumia laini moja kwa pamoja bila kugombana. Lakini ugawaji wenyewe haujaondoka. Umehama kutoka kwenye jampa umeingia ndani ya draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, na wanaoandika draiva ndio ninaotaka kusema nao hapa.

Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ina daftari. Ukifungua /proc/iomem, /proc/ioports na /proc/interrupts unalisoma mwenyewe: kipande gani cha anwani kina nani, laini gani ina nani. Ni kama daftari la vizimba sokoni. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mgambo. Draiva isiyojiandikisha haizuiwi kuandika kwenye anwani za mwenzake. Itaandika tu, na utakachoona ni mashine inayoganda siku moja kati ya tano. Kwa hiyo request_mem_region, fanksheni ya kuomba kipande cha anwani, na wenzake si urasimu. Ni njia pekee ya draiva mbili zisizofahamiana kuheshimiana.

Kosa langu kubwa lilitokea Mafinga. Niliandika draiva ya kadi ya PCI iliyohesabu magogo yanayoingia kwenye msumeno. Niliomba anwani, nikapewa. Nikaomba laini ya intarapti, nikanyimwa, kwa sababu ilikuwa ya pamoja na kidhibiti cha USB nami sikuweka alama ya IRQF_SHARED, inayosema nakubali kushiriki laini. Hadi hapo si vibaya. Vibaya ni kwamba baada ya kunyimwa nilitoka kwenye fanksheni bila kurudisha anwani nilizokwisha kupewa. Nilirekebisha alama, nikatoa moduli (draiva yenyewe ndani ya keneli), nikaipakia tena: kosa namba 16, rasilimali ina mtu. Nilihangaika kumtafuta mtu huyo, kumbe ni mimi wa dakika kumi zilizopita. Mbaya zaidi, moduli ikishatolewa, jina lililoandikwa daftarini linaelekeza kwenye memori isiyokuwepo tena, na kulisoma tu daftari kunaweza kuangusha keneli nzima. Ilibidi niwashe mashine upya, na msumeno ukasimama.

Andika njia ya kushindwa kwa uangalifu uleule wa njia ya kufaulu. Ulichochukua mwisho kirudishe kwanza: uliomba anwani, kisha intarapti, basi intarapti iondoke kabla ya anwani. Tangu Linux 2.6.21 ya mwaka 2007 zipo fanksheni za devm zinazorudisha zenyewe ulichochukua, nami nazitumia kila ninapoweza. Ila angalia hapa: hurudisha baada ya fanksheni yako ya kuondoa kumaliza kazi. Ukiwa umeachilia memori yako kwa mkono ndani ya fanksheni hiyo, intarapti bado inaweza kufika na kuikuta haipo. Nyamazisha kifaa kwanza.

Na usiombe intarapti kabla hujawa tayari kuipokea. Kwenye laini ya pamoja utagutuliwa hata na kelele za jirani, wakati mwingine papo hapo baada ya kupewa. Soma rejista ya kifaa chako, pale kinapoweka hali yake. Kama si wewe uliyeitwa, jibu IRQ_NONE, yaani hii si yangu. Usidanganye kwa kujibu kwamba umeshughulikia. Keneli inahesabu: katika intarapti 100,000, zikizidi 99,900 bila mwenyewe, inaifunga laini yote, na kila aliyekuwa juu yake anabaki kiziwi. Ukijibu uongo, hesabu hiyo haifanyi kazi, na laini inayopiga kelele bila kukoma inaweza kumla prosesa wote huku hakuna ujumbe wowote kwenye kumbukumbu za mfumo.

Kwa majaribio, mimi huilazimisha draiva ishindwe kwenye kila hatua, moja baada ya nyingine, na kila mara nafungua /proc/iomem kuona kama jina langu limefutika. Nikilikuta bado lipo, siipeleki kwa mteja.